Kadi ya Salma, kwa Mkono wa Kushoto

Kadi za Idi za ukoo mzima nilikuwa nimeshazimaliza, imebaki ya mama mkwe peke yake, mkasi uliponianguka. Nikauokota. Ukaanguka tena. Nikautukana, maana mimi huvitukana vitu vyangu vikinikaidi, nikainama kuuokota, na hapo ndipo nilipoona kwamba mkono ninaoutuma hauendi. Ulikuwa umelala juu ya mkeka pembeni ya mkasi, vidole vimeachia, umetulia tuli, kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Nikataka kumwita mwanangu Salma. Jina nililompa mwenyewe likatoka limevurugika, mate yakatangulia.

Hivyo ndivyo kiharusi kilivyonikuta, nyumbani kwetu Tandika, Ramadhani baada ya alasiri, na saumu yangu nimeifunga vizuri.

Naitwa Mwanahawa, lakini mtaani wananijua kwa Mama Salma, na ukiuliza zaidi utaambiwa "yule wa kadi". Nayaandika haya kwenye simu, kwa kidole gumba cha kushoto, sasa baya lenyewe limeshapita. Udaktari siujui na sitaufundisha. Dawa za presha utapewa na wenyewe, na ukipewa umeze, usijidai umepona. Naandika kwa ajili yako uliyekaa kwenye benchi la hospitali umeupakata mkono wako usiokusikia, unajiuliza kama wewe bado ni wewe. Mimi nilijiuliza sana. Jibu ninalo, ila nitakupa kwa mwendo wangu.

Kwanza uzijue kadi zenyewe. Siuzi. Ni za nyumbani kwetu. Mtu akizaliwa, akihitimu msahafu, akioa, akirudi kuhiji, kadi yake hutoka kwangu. Nakata karatasi ngumu za manila kwa wembe na mkasi, nabandika vipande vya kanga na kitenge kwa gundi ya unga wa muhogo ninayoipika mwenyewe, na ndani naandika maneno yangu, si ya kunakili. Nenda Kinondoni kwa wadogo zangu, nenda Pugu kwa shangazi yangu, angalia kabati la vyombo vya wageni: utazikuta zimesimamishwa mbele ya vikombe. Sijisifu, nasema kilichopo. Au basi, najisifu. Nimeugua vya kutosha, nina haki.

Lakini inayonipa jina ni kadi ya bibi harusi. Hiyo ina mlango. Naukata kwenye manila, pande mbili zenye nakshi ya vitundu, kama milango ya nyumba za zamani za pwani. Ukiufungua, nyuma yake unakutana na kipande cha kanga ya mama yake bibi harusi. Si kanga yoyote, ni ile aliyompokelea mtoto siku alipozaliwa. Kwetu mama huitunza kanga hiyo miaka yote, imechakaa, imelainika, na siku ya kumwoza mwanawe ndipo inapokatwa. Haina ya akiba. Ukiiharibu, umeiharibu.

Ya Salma ilikuwa sandukuni, imekunjwa pamoja na vipande vya udi, maandishi yake yameshafutika kwa kufuliwa. Salma ndiye mwanangu wa pekee, anafundisha chekechea Mbagala. Alikuwa ameposwa na Idrisa, fundi wa mafriji, kijana mpole mpaka unamhurumia, na harusi ilipangwa Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi. Nilikuwa nimejisemea nimalize za Idi kwanza, halafu nitulie na ya mwanangu.

Idi ilinikuta wodini. Takbira nilizisikia kupitia dirishani nikiwa nimelala chali, mdomo umevutwa upande wa kushoto, mguu wa kulia mzito kama gunia lililolowa. Ndala ilikuwa inanivuka nisijue mpaka niione imebaki nyuma. Chai nikinywa, nusu inaingia na nusu inashuka shingoni. Kuogeshwa nilikubali kwa Salma tu, na siku ya kwanza tulilia wote wawili, yeye mgongoni kwangu ili nisimwone, mimi nikitazama ukuta ili asinione.

Mume wangu, Baba Salma, anaendesha mashine ya kupanga makontena kule Kurasini. Ni mtu wa sauti kubwa, maana kazini kwao anashindana na malori. Nyumbani alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi. Sasa akawa anakuja na nguo zake za kazi, harufu ya grisi imemjaa, anakaa kitandani ananinywesha uji kwa kijiko na kunifuta. Siku moja alinimwagia wa moto kifuani, nikamporomoshea maneno. Nesi akashtuka. Yeye akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Mdomo umekwenda upande," akasema, "lakini matusi yanatoka yaleyale. Alhamdulillahi, ni mke wangu huyuhuyu."

Nikikumbuka rehema ndogondogo za siku zile, hiyo naiweka mbele.

Lililoniuma kuliko yote ni hili. Mkono wa kushoto kwetu una kazi yake, kila mtu anaijua, nisiitaje. Hauli. Hausalimii. Haumpi mtu kitu. Tangu mtoto anajifunza kutambaa, akinyoosha wa kushoto anapigwa kakofi. Na sasa huo ndio niliobakiziwa. Nilikuwa nalishwa kama mtoto, si kwamba wa kushoto ulishindwa kushika kijiko, ila niliona haya kuupeleka mdomoni mbele ya watu.

Niliporudi nyumbani, Salma alinikalia karibu, akavuta ushungi wake begani.

"Mama, nimeshaongea na Idrisa. Harusi tunaisogeza."

"Mpaka... lini?" Maneno yangu wakati huo yalikuwa yanatoka moja moja.

"Mpaka unikatie kadi yangu."

Nikaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, nikamwonyesha. Nikauachia. Ukaanguka mapajani.

"Nimeuona," akasema. "Sina haraka mie."

"Nenda... stationari. Wachape."

"Mama, wanawali wote wa ukoo huu wametoka kwao na kadi yako. Mie mwanao ndo nitoke na ya kuchapa? Siolewi. Siku ukikata, ndo naolewa."

Nilimkasirikia kwelikweli. Nikaona ananifanyia ukatili, ananitwika jambo nisiloliweza, halafu lawama zote ziwe zangu. Baba yake naye akagombana naye, akasema binadamu hapangiwi kupona. Nyumba ikagawanyika. Wifi yangu Zuhura, dada yake mume wangu, akatoka Msasani na miwani yake ya dhahabu kuja kutuweka sawa.

"Mtoto wa kike hawekwi rehani kwa karatasi," akasema. "Idrisa atachoka. Mwanamume haweki moyo kwenye friji."

Salma akanyamaza. Ana ukaidi wake wa kunyamaza, ambao ameurithi kwa watu nisiotaka kuwataja.

Masika yakaanza. Baba Salma akaamua tufanye kisomo, watu waniombee dua nipone. Kwa kuwa mvua ilikuwa haikatiki, akaazima turubai na viti vya mtaa, wakafunga mbele ya nyumba, wakainjika na masufuria ya pilau. Majirani walijua ni kisomo. Shangazi yangu Mwajuma wa Pugu hakujua. Alikuwa amejitokea zake kuja kunitazama, na kikapu cha mihogo.

Sasa wewe mtu wa Dar nikuulize. Umekuja kumwona mgonjwa mahututi, umekata kona, unaona turubai mbele ya nyumba yake, wanaume wamekaa na kofia wameinamisha vichwa, masufuria yanatokota. Utafikiri nini?

Nilisikia kikapu kinaanguka. Halafu sauti ya shangazi ikapasua mtaa.

"Mwanahawaaa! Mwanangu umeniacha na nani!"

Waliokuwa jirani wakasikia kilio, nao wakadhani nimekata roho sasa hivi, ndani, wakati wao wanakuna nazi. Wakaangua vilio. Mtu akapiga simu Kinondoni. Wadogo zangu wakaja na bodaboda, wamelowa chapachapa, kanga vichwani, wakaungana nao. Baba Salma alikuwa amekwenda msikitini kumchukua maalimu, na Salma dukani kuongeza mchele. Pale nje hapakuwa na wa kumwuliza, na katika msiba nani anauliza?

Mimi niko chumbani, nimelala, dirisha liko wazi, nausikiliza msiba wangu.

"Alikuwa na mdomo huyu," mmoja alisema huku akipenga kamasi, "lakini roho yake!"

"Na mkono ule? Wallahi mkono ule Mungu aliuumba siku ya nafasi."

"Sasa sie nani atatukatiaga kadi?"

Kisha mdogo wangu wa mwisho, ambaye nilimlea mimi, akasema taratibu: "Na kadi ya Salma je? Kaenda nayo."

Hapo ndipo nilipochomwa. Kusikia nimekufa kulinichekesha, Mungu anisamehe, lakini kusikia kwamba nimekwenda na kadi ya mwanangu nilishindwa kuvumilia. Nikavuta pumzi nikapiga kelele: sijafa! Ikatoka mngurumo tu. Nje mtu akaruka na kiti.

"Jamani, maiti inanguruma!"

Aliyepata moyo wa kuingia ni shangazi Mwajuma. Akasimama mlangoni, macho mekundu, ushungi umemshuka, akanitazama nami namtazama. Akaja, akanigusa shavu, akanigusa mguu. Halafu akanipiga kofi la bega.

"We mtoto huna adabu! Mie nimeshalia vile!"

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mkasi uanguke. Mdomo ulikwenda upande, mate yakanitoka, sikujali. Shangazi naye akacheka huku analia, na waliokuwa nje wakaingia mmoja mmoja kunishika kuhakikisha. Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa, pilau ikaliwa. Nilipokuwa nimelala nikiwasikia wakigombea ukoko, nikaazimia mambo mawili. Kila aliyekuja kunililia atapata kadi yangu. Na ya Salma sitakwenda nayo popote.

Kipupwe kilikuta nimeshaanza kwenda mazoezi hospitali, kwa fimbo, mguu wa kulia ukiburuta. Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi marefu na feni moja inayozunguka ikipenda. Ukikaa pale wiki baada ya wiki, unakuwa na watu wako. Mimi nilikuwa na Mzee Kibwana, ambaye kiharusi kilimwachia neno moja tu: sawa. Umsalimie, sawa. Umwulize amekula nini, sawa. Akikasirika, ni sawa kwa ukali, na akifurahi ni sawa ndefu yenye wimbo ndani yake. Mkewe ndiye aliyekuwa anatutafsiria. Siku ambazo nilijihurumia, nilikuwa najilaza begani kwa yule mama na kumsikiliza mumewe akimwambia muuguzi sawa, mpaka huruma ikanitoka.

Aliyekuwa akitufanyisha mazoezi ni Sista Agripina, mwanamke mrefu wa Bukoba, mikono yake ina nguvu za mtu aliyelima. Alinifanya nikamue sponji lenye maji, nibane vibanio vya nguo, niokote maharage kutoka sahani hii hadi ile. Mkono wa kulia ulikuwa unakataa. Vidole vilitetemeka kidogo, basi. Nikawa narudi nyumbani nimenuna, sisemi na mtu.

Siku moja akanishika mkono wa kushoto, akaugeuzageuza.

"Mama, huu nao unaumwa?"

"Hauumwi."

"Basi mbona umekaa bure? Sijauona ukifanya kitu."

Nikamweleza kwa aibu habari ya mkono wa kushoto. Nikadhani atanicheka. Hakucheka.

"Na kwetu ni hivyohivyo," akasema. "Bibi yangu angekufukuza jikoni. Lakini mama, wa kulia utachelewa, na mimi sikudanganyi, labda hautarudi wote. Sasa ufanye hivi. Wa kushoto ufanye kazi, wa kulia uwe jiwe. Wewe si unakata karatasi? Karatasi haihitaji jiwe la kuikandamiza?"

Nilikaa na maneno hayo njia nzima. Nimekata kadi tangu ni msichana, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kushikilia nako ni kazi.

Vuli ilipoanza kudondoka nikaomba mkeka wangu wa barazani. Mkasi ulinishinda. Hili ulijue kama nawe yamekufika: mikasi ya madukani imetengenezwa kwa mkono wa kulia, ukiitia kushoto inatafuna karatasi haikati. Nikahamia kwenye wembe na rula. Nikaulaza mkono wa kulia juu ya manila kama jiwe, nikakata. Kadi ya kwanza ilitoka kama imeliwa na panya. Nikaichana. Ya pili nikaichana pia. Ile iliyofuata niliibakiza, si kwamba ilikuwa nzuri, ila mkono ulikuwa umechoka.

Ndani yake nikaandika kwa herufi za mtoto wa chekechea: "Asante kwa kufika msibani kwangu. Mwenyewe nilikuwepo."

Nikamwekea shangazi Mwajuma mpaka alipokuja. Kwenye kumpa nikakwama. Nimpe kwa mkono upi? Shangazi ni mtu mzima, nimwinulie kushoto? Nikaiweka kadi juu ya kiganja changu cha kulia kilichokufa ganzi, nikauingiza wa kushoto chini yake kama sinia, nikaunyanyua. Kwa hiyo wa kulia ndio uliotoa. Shangazi akaipokea kwa mikono yake miwili, akampa Salma amsomee, akasikia maneno, akajitupa mkekani kwa kucheka. Mpaka leo kadi ile iko Pugu kwenye kabati lake, mbele ya ile niliyomkatia alipotoka Makka.

Wote waliolia walipata za kwao. Kila moja ilinyooka kuliko iliyopita, au niseme ilipinda kwa mpangilio. Nilianza kuiona mistari yangu mipya inavyokwenda: inaanza sawa, kisha inateremka kulia kidogo, kila mara vilevile. Wiki za mvua zile nilikuwa na furaha niliyokuwa nimeisahau. Nikawa natukana wembe. Baba Salma akirudi akanisikia kutoka barabarani, anaingia anatabasamu.

Kisha wifi Zuhura akaja. Akazishika kadi zangu moja moja, akazisifu kwa adabu, halafu akavua miwani.

"Wifi, hizi za utani sawa. Lakini usije ukaigusa ya harusi ya mtoto wa kaka yangu kwa mkono huo. Kadi ya bibi harusi ikikatwa kwa kushoto ni nuksi. Nitawatafutia mtu wa kuchapa, itapendeza."

Sitakudanganya, niliogopa. Mimi ni mtu wa pwani, nuksi naijua, nimelelewa nayo. Kama ndoa ya mwanangu ingepata misukosuko, hata baada ya miaka, watu wangesema ni mkono wa mama yake. Siku kadhaa sikugusa wembe. Nikamwambia Salma akubali ya kuchapa.

"Sitaki," akasema.

"Shangazi yako anasema ni nuksi."

"Mama, mkono huo huo umenifulia nepi. Nuksi yake ningeshaipata zamani."

Baba yake alikuwa amekaa mlangoni anavua viatu. Akaingia chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa, akatoka na ile kanga. Akaiweka mbele yangu mkekani, harufu ya udi ikapanda.

"Mama Salma, harusi ni Rajabu," akasema. "Nimeshawaambia wakwe."

"Umewaambia bila kuniuliza mie?"

"Ningekuuliza ungesema nini?"

Tuligombana, na kwa sauti zetu mtaa mzima ulifaidi. Nilimwambia ameniuza. Aliniambia amechoka kuishi na watu wawili wanaongojana. Hilo lilikuwa kweli.

Nilichagua asubuhi iliyotakata baada ya mvua, Salma yuko shuleni na baba yake Kurasini. Sikutaka mtu. Nikasema bismillahi, nikaanza na mlango. Vitundu vya nakshi nilivikata vikubwa kuliko zamani, vichache, maana vile vidogo nisingeviweza. Nikaona mlango mzima umeegemea kulia. Sikuuchana. Manila ninayo tele, ningeweza kuurudia mpaka Rajabu, lakini nilijua mwingine nao utaegemea hivyohivyo.

Ikabaki kanga. Nikaitandaza juu ya ubao. Ilikuwa nyembamba hata mwanga ulipita. Nikamkumbuka Salma alivyokuwa ndani yake, mwekundu, ngumi amezifumba, akinililia kana kwamba nimemkosea. Nikaulaza mkono wa kulia upande wa juu, nikashika wembe, nikavuta.

Katikati ya njia wembe ukanasa kwenye uzi. Kanga ikaanza kuvutwa, inakunjamana, ikikunjamana tu imeharibika. Nikataka kuachia. Na hapo, chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nikauhisi ule uzi unakimbia. Nikauhisi! Vidole vyangu vilivyolala tangu Ramadhani vikabana. Si kwa nguvu, lakini vilibana, vikaishikilia kanga ya mwanangu, nami nikavuta wembe mpaka mwisho. Kipande kikatoka kizima.

Nilikaa pale nikilia kwa sauti, peke yangu barazani. Mwuza maji aliyepita akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, hapa misiba imekwisha.

Kadi sikumwonyesha mtu. Nikaifunga ndani ya bahasha niliyoikunja mwenyewe, nikaitia sandukuni kwenye udi, mahali kanga ilipokuwa.

Nilikuahidi jibu, la kama wewe bado ni wewe, na nililipata siku ya harusi, mwezi wa Rajabu, joto limeanza, nyumba imejaa watu. Salma alikuwa chumbani kwangu, hina imemkolea mpaka viwikoni, wanawake wa ukoo wamemzunguka. Ndiyo desturi yetu: kadi hutolewa pale, mbele yao, kabla bibi harusi hajatolewa nje. Nikaiweka juu ya kiganja cha kulia, wa kushoto ukiwa chini yake, nikampa mwanangu.

Akaifungua bahasha. Akaufungua mlango. Akainusa kanga, akafumba macho, wanja wake ukawa hatarini. Wifi Zuhura akavaa miwani, akainama kuitazama kutoka juu ya bega lake. Nadhani hakukusudia ubaya, ni mtu anayesema anachokiona.

"Masikini," akasema. "Imepinda."

Salma hakugeuka. Aliendelea kuitazama kadi, akapitisha kidole pale mstari unapoteremka.

"Haijapinda, shangazi," akasema. "Ndivyo mama anavyotembea."

Shangazi Mwajuma, aliyenililia nikiwa hai, akapiga kigelegele kilichotikisa vioo, na wengine wakapokea. Wifi Zuhura akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaomba aishike kadi. Akaipokea kwa mikono yote miwili.

Muda wa kumtoa bibi harusi ulipofika, mtu akanisogezea fimbo yangu. Nikamwambia aiache palepale ukutani. Nikatangulia mimi, bega la kulia chini, mguu ukichora sakafuni, nikapita katikati ya watu wa Tandika, wa Pugu, wa Kinondoni na wa Msasani. Sikufanya haraka. Nilitaka kila mmoja aone kadi ya mwanangu ilikatwa vipi.